Kabla Tokeni Haijaingia Kwenye Kompyuta

Mjukuu wangu anafanya kazi ya kompyuta hapa Nakuru, na jioni akirudi nyumbani kwetu Section 58 huja na maneno mapya kama vile wenzake wanavyokuja na mkate. Juzi stima iliisha. Akanunua tokeni kwa simu, akabonyeza zile nambari ndefu, taa zikawaka. Nikamwuliza kwa nini inaitwa tokeni. Akasema ni neno la kompyuta, hata kazini kwao mashine haikufungulii mpaka uionyeshe tokeni. Alinieleza polepole, kwa ile sauti ya vijana wanaodhani magoti ya mzee yakifa na masikio yamekufa.

Nilimwambia neno hilo nililijua kabla baba yake hajazaliwa, tena nililijua likiwa chuma cha kushika mkononi. Akacheka. Kisha akatafuta kwenye simu, akaanza kunisomea. Neno lenyewe ni la Kiingereza cha kale, maana yake ishara. Reli zikalichukua. Baadaye sana, watu wa kompyuta walipounganisha mashine nyingi kwa waya mmoja na zote zikataka kusema pamoja, wakatengeneza kitu kinachozunguka kutoka mashine hii hadi ile, na ambayo haijakipata hainyanyui mdomo. Kama walikopa kwa reli moja kwa moja au waliliokota tu neno njiani, simu haikuwa na hakika.

"Kwa hivyo uko right, Shosho," akasema. "Lakini wewe ulijuaje?"

Hilo swali ndilo linalonichosha. Watoto wangu wameniuliza, wajukuu wameniuliza, na kila mara nimejibu nusu nikaenda kuangalia sufuria. Sasa naandika jibu zima, asiniulize mtu tena.

Niliolewa na mtu wa reli. Yeye alikuwa Mluhya, mimi Mkikuyu, binti wa watu waliokuwa wakiishi na kulima katika shamba la Mzungu upande wa Njoro. Ndoa hiyo haikumfurahisha mtu yeyote isipokuwa sisi wawili, na hata sisi si kila siku. Tulikaa kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, katika kituo kidogo kati ya Nakuru na Gilgil. Chumba kimoja, ukuta mweusi kwa moshi, na upepo wa kutoka upande wa ziwa unaoleta vumbi jeupe lenye ladha ya magadi. Ukifagia asubuhi, saa nne huoni ulipofagia. Nilifagia hivyo hivyo, kwa miaka.

Kazi ya mume wangu ilikuwa tokeni. Nieleze vizuri, maana bila hili mengine hayaeleweki. Njia ya reli ilikuwa moja, na treni zilikuwa zikija na kwenda juu yake. Ili zisikutane uso kwa uso, kila kituo kilikuwa na mashine nyekundu, kubwa kama kabati la vyombo, iliyounganishwa kwa waya na mwenzake wa kituo kinachofuata. Ndani yake mlikuwa na vyuma vya duara vilivyochongwa majina ya vituo hivyo viwili. Hizo ndizo tokeni. Ukitoa moja upande wowote, mashine zote mbili zinajifunga, hutoi nyingine mpaka ile irudishwe. Na dereva asiyekuwa na tokeni mkononi hakuondoka kituoni, hata kama amembebea Gavana chakula cha mchana.

Treni zisizokuwa na shughuli na kituo kama chetu hazikusimama. Stesheni masta alitoa tokeni kwenye mashine, akaitia kwenye kifuko cha ngozi chenye duara kubwa la waya, akampa mume wangu. Naye alisimama ukingoni mwa jukwaa ameliinua lile duara, treni ikija na mngurumo wake wote, na fayamani, yule mtu wa kuchochea moto, akachomeka mkono na kulinyakua. Mkono wa kushoto wa mume wangu ulikuwa na uvimbe usioisha. Usiku nilikuwa naukanda kwa maji ya chumvi huku nasinzia, na yeye anasinzia, na tokeni zimelala kwenye mashine yao kwa raha kuliko sisi.

Siku moja moja aliukosa mkono wa fayamani, au fayamani alimkosa yeye. Basi dereva hufunga breki, treni nzima husimama ikilia, na matusi ya pale hayaandikiki. Kwa hiyo nilijua vizuri, kama nilivyojua kupika ugali, kwamba duara lile lisipoinuliwa treni haiendi.

Stesheni masta wetu alikuwa Kalasinga mwenye ndevu nyeupe, mpole wa sauti lakini mgumu kama reli yenyewe. Hakuna aliyewahi kumwona akivunja sheria hata ya kutema mate. Alikuwa peke yake. Mume wangu aliniambia kwao Bara Hindi nchi ilikatwa vipande viwili, watu wa kabila lake wakapandishwa treni usiku na mchana, na mama yake alikuwa mmoja wao. Zaidi ya hapo hakuwahi kusema, na mume wangu hakuwa mtu wa kuchokonoa.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa msichana. Nilipopata mimba ya pili naye bado ananyonya, nilifanya kama kila mwanamke wa kwetu alivyofanya: nilimwachisha ziwa nikampeleka kwa mama yangu, Njoro. Mtoto huachishwa ziwa kwa bibi. Huko kuna viazi, kuna maziwa, na kuna mtu ambaye hana haraka. Nilikuwa nimechoka sana wakati ule, na nilisema nitamchukua mara mdogo wake atakapoanza kutambaa. Kisha Emajensi, ile hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, ikatukuta.

Sitaeleza Emajensi, wenye vitabu wameieleza. Kwetu ilikuwa hivi: Wakikuyu waliokuwa kwenye mashamba ya Wazungu walianza kukusanywa na kurudishwa rizavu, zile ardhi walizotengewa, hata wale ambao hawakuwahi kuiona hiyo rizavu inayosemwa ni kwao. Mama yangu alikuja Njoro akiwa amebebwa mgongoni. Alizeekea pale. Sasa aliambiwa anarudishwa nyumbani.

Habari zilitufikia kwa fayamani mmoja, kijana wa kijijini kwa mume wangu. Treni yake ya mizigo ilisimama kwetu kungojea nyingine ipite, akashuka kuomba maji, akasema: "Shemeji, watu wa lile shamba lenu wameletwa kambi ya Nakuru. Nimemwona mamako kwenye waya. Amesema nikuambie mtoto iko na yeye."

Nilikaa chini pale pale. Mdogo alikuwa mgongoni, akaanza kulia kwa sababu nilikaa ghafla.

Nilitaka kwenda Nakuru siku hiyo hiyo. Mume wangu alinishika mkono. "Wewe ukifika kwa ile gate, na hiyo kipande yako imeandikwa Kikuyu, nitakuwa na watu watatu wa kutafuta. Kaa." Akaenda yeye, akiwa amevaa koti la reli ili aheshimiwe. Pale langoni walimcheka. Walimwuliza tangu lini Mluhya akazaa mtoto Mkikuyu. Wakamwambia mtoto ameandikwa na bibi yake na ataenda na bibi yake, na kama anamtaka sana amfuate rizavu. Alirudi jioni, akavua koti, akalitundika, akakaa. Nilimwekea chakula. Hakula, nami sikumlazimisha. Tulikuwa tumechoka kiasi kwamba hata kulia kulionekana kazi.

Nilijua maana ya kumfuata rizavu. Huko walikuwa wanafungiwa vijijini, mahandaki yamechimbwa kuzunguka, mtu hatoki wala haingii, na njaa ilikuwa inasemwa hata na wale wasiopenda kusema. Mtoto wangu akivuka pale, nisingemfikia. Alikuwa hajajua hata kutamka jina la baba yake sawasawa.

Mume wangu ndiye aliyejua treni yao ni ipi. Taarifa ililetwa kwa simu ya kituoni: treni maalumu ya watu wa kambi ya Nakuru, itapita kwetu kesho yake mchana bila kusimama.

"Usiinue mkono," nilimwambia.

"Nini?"

"Hiyo duara. Usiinue. Itasimama, nami nitamtoa mtoto."

"Na wewe unajua mimi nitaenda wapi baadaye?"

"Najua."

"Kazi ya reli haina mjomba, mama watoto. Nikifutwa, hii nyumba si yetu, na wewe bila hii nyumba unapandishwa treni kama mamako."

Alisema kweli, na nilimchukia kwa kusema kweli. Tulibishana hivyo kwa sauti ya chini, kama watu wanaogawana deni. Mwishowe akasema ataenda kumwomba Kalasinga. Maji yakizidi unga, mtu huomba hata kwa jirani asiyesalimia.

Alikwenda, nami nikamfuata nikasimama nje ya ofisi. Nilisikia kila neno. Mume wangu alieleza yote: mtoto, mama, kambi, koti la reli na kicheko. Stesheni masta hakumkatiza. Alipomaliza, mzee alisema: "Hapana. Mimi napewa kituo ya kupitisha treni, si kusimamisha. Leo nasimamisha kwa mtoto yako, kesho nasimamisha kwa mbuzi ya mtu. Hapana. Toka."

Mume wangu akatoka. Tukarudi nyumbani. Sikumlaani yule mzee, sikuwa na nguvu. Nilikanda mkono wa mume wangu kwa maji ya chumvi kama kawaida, maana kesho yake ndio ungeinua duara na kumpitisha mtoto wetu. Alinitazama nikiukanda, akageuza uso ukutani.

Kesho yake mchana nilisimama kwenye jukwaa, mdogo mgongoni. Sikuwa na mpango. Nilifikiri labda nitamwona dirishani, hata kama ni kupita tu. Mume wangu alikuwa mlangoni mwa ofisi akingoja kupewa duara. Kengele ya mashine ililia, maana yake treni imeondoka kituo cha nyuma. Mkono wa mlingoti wa signali ukashuka kuiruhusu iingie. Na duara halijatoka.

"Bwana, tokeni," mume wangu aliita.

Nilichungulia. Stesheni masta alikuwa ameketi mbele ya mashine, kikombe cha chai mkononi, anaitazama ile mashine kama mtu anayemngoja mgonjwa aamke.

"Bwana, treni hii hapa!"

"Mashine imegoma," mzee akasema. "Tokeni inakataa kutoka. Wewe simama huko, usinipigie kelele."

Hakuiondoa mikono yake kwenye kikombe.

Mume wangu akasimama ukingoni mikono mitupu. Dereva aliona mikono hiyo kutoka mbali. Breki zikalia, chuma kikasaga chuma, na treni nzima ikasimama mbele ya kituo ambacho hata mkaa hakikuwa nao.

Habari ya yule mzee niimalize hapa, kwa sababu baadaye sitakuwa na moyo wa kuirudia. Fundi aliletwa kutoka Nakuru kuikagua mashine, hakuona kasoro. Muda si mrefu stesheni masta alihamishiwa kituo fulani kwenye njia nyingine, mahali pa joto na mbu. Kabla hajaondoka nilimpelekea kuku. Alinirudishia, akasema yeye hali nyama, na mimi nikasimama na kuku wangu kama mjinga. Hatukuzungumza tena.

Sasa treni. Mzungu kijana mwenye bastola alishuka akipiga kelele, dereva naye akipiga kelele juu yake. Stesheni masta alitoka akawaita kwa heshima zote ndani ya ofisi waje waione mashine wenyewe. Wakaingia. Nilianza kukimbia.

Mabehewa yalikuwa ya daraja la tatu, madirisha yameinuliwa vioo mpaka nusu, na kila dirisha lina nyuso. Nyuso za wanawake wa kwetu, vumbi, vitambaa, watoto wamekaliana. Niliita jina la mama yangu. Wanawake walilidaka, wakaliitisha kutoka behewa hadi behewa, hata likarudi kwa sauti yake mwenyewe: "Niko huku! Kwa nini unakimbia na mtoto mgongoni? Utamwangusha!"

Huyo ndiye mama yangu. Anapelekwa asikokujua, na bado anagombeza.

Alikuwa tayari amemnyanyua msichana. Hakuna aliyemwambia tungefanya nini. Aliona treni imesimama pasipo sababu, akaniona, akaelewa. Alimpitisha miguu kwanza, dirisha lilikuwa dogo, na mtoto akamshika shingo kwa mikono yote miwili. Alikuwa amekaa naye muda mrefu kuliko aliokaa nami. Mimi nilikuwa nani? Mwanamke wa kukimbia kwenye jukwaa. Akapiga kelele kumwita bibi yake: "Cucu! Cucu!"

Askari mmoja aliyekuwa mlangoni mwa behewa akageuka. Mwafrika mwenzetu, kijana, koti limemzidi. "Wewe mama! Unafanya nini hapo?"

"Napunguza mzigo," mama yangu akamjibu. "Au wewe ndiye utambeba?"

Askari alitazama ofisini, akatazama viatu vyake, akaendelea kuvitazama.

Mama yangu aliifungua ile mikono midogo, kidole kimoja kimoja, kwa upole kama anavyofungua fundo la kitambaa chake. Mtoto akaangukia kifuani pangu. Alikuwa mzito kuliko nilivyomkumbuka. Nilimshika, mdogo akilia mgongoni, mkubwa akilia kifuani, nami nikiwa katikati, nimetazama juu dirishani.

"Shuka huku chini," nikamwambia mama yangu. "Toka na wewe." Nilikuwa nasema ovyo. Dirisha lilimtosha mtoto tu, na mlangoni kulikuwa na bunduki.

"Anapenda uji usio na sukari," mama yangu akasema. "Usimzoeze sukari. Na usiku ana kikohozi, mpake mafuta kifuani."

Nyuma yangu sauti za wanaume zikatoka ofisini. Mashine ilikuwa imekubali. Mzee alikuwa na duara mkononi, akampa mume wangu, na mume wangu akaanza kutembea kuelekea kwenye injini. Ilimbidi apite tuliposimama. Alipofika akasimama, jambo ambalo hakuruhusiwa. Alimtazama binti yake kifuani pangu. Akamtazama mkwewe dirishani, na kwa adabu za kwao akainamisha kichwa, maana mtu hamkodolei macho mama mkwe. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Nimpe dereva?"

Nilikuwa najua kitu ambacho yule kijana wa Kizungu, pamoja na bastola yake, hakukijua. Mradi lile duara liko mkononi mwa mume wangu, treni ile haina pa kwenda. Injini na moshi wake, askari, serikali nzima iliyoituma, vyote vimesimamishwa na chuma kidogo cha duara, na chuma chenyewe kinaningoja mimi. Ningeweza kusema subiri. Alikuwa anasubiri niseme. Nikifikiria leo naona hata dakika moja ingetosha kumwuliza mama yangu jambo, jambo lolote, mahali walipozikwa wazee wake, alilala vipi kambini, kama ananidai chochote. Hatukujua kwamba hatutaonana tena. Alizikwa huko rizavu kabla barabara hazijafunguliwa, na aliyeniletea habari hakujua hata ni mwezi gani.

"Wacha treni iende," mama yangu akasema. "Humu ndani kuna watoto, na jua ni kali."

Wanawake wengine kwenye madirisha walikuwa wananitazama. Wao watoto wao walikuwa bado ndani.

"Mpe," nikamwambia.

Akaenda akampa. Injini ikapiga filimbi, mabehewa yakavutana, yakaanza kusogea. Mama yangu aliingiza kichwa ndani haraka ili mtoto asiuone uso wake ukienda. Mtoto akanyoosha mikono yote miwili kuifuata ile treni, akaita Cucu mpaka sauti ikakauka, na nilipozidi kumkumbatia akageuka akaniuma bega kwa meno yake yote. Yaliniuma sana. Sikumtoa.